Kabla ya kuita "mwizi!": Kijana anayeruka ukuta wako ana jina

Ni mchana wa likizo. Mama yuko uani anakosha vyombo, mara anasikia kishindo nyuma ya nyumba, upande wa mwembe. Akizunguka anakuta vijana watatu, mmoja bado yuko juu ya ukuta na wawili wameshatua chini, mifuko ya kaptula imejaa maembe. Wanacheka, wanaruka tena, wanatokomea uchochoroni. Mama anapiga kelele kidogo, kisha anarudi kwenye vyombo vyake.

Wiki ya pili yanayokosekana si maembe tena, ni ndoo mbili na sufuria iliyoanikwa. Mwezi ukiisha, koki ya bomba la nje imeng'olewa usiku na maji yamemwagika mpaka alfajiri. Baba anasimama mlangoni na kikoi chake, anatazama dimbwi, anasema neno moja tu: "Nikimshika mmoja, atanitambua."

Huu ni mfano, lakini mzazi wa Ngamiani, Makorora, Mwanzange, Mabawa au Msambweni anaweza kuumalizia mwenyewe bila kuambiwa. Kwake pengine ilikuwa baiskeli, kuku, au mita ya maji. Pengine hakuibiwa kitu, ila kuna kundi la vijana linalokaa kwenye baraza lake mpaka saa saba za usiku, moshi wa bangi unaingia dirishani kwa watoto, na binti akipita kwenda dukani anarushiwa maneno.

Mtaani watu huwa na majibu mawili kwa mambo haya. Jibu la kwanza ni kunyamaza kwa kuogopa lawama za majirani. La pili ni kusubiri siku ya kumkamata mmoja na kumaliza hasira zote juu yake. Kati ya majibu hayo kuna hatua nyingi ambazo hazigharimu fedha, na zikichukuliwa mapema huokoa mali, na wakati mwingine huokoa maisha ya mtoto wa mtu.

Si wote ni vibaka

Kosa la kwanza ni kuwaweka vijana wote wa mtaa kwenye kapu moja. Mzazi akitulia na kutazama, ataona makundi matatu, na kila kundi linataka dawa yake.

Kundi la kwanza ni watoto na vijana wadogo wanaotafuta raha. Wanaruka ukuta kwa sababu ya embe, dafu au mpira ulioingia ndani, au kwa sababu mwenzao amewaambia hawawezi. Hawa ndio wengi.

Kundi la pili ni vijana wa maskani. Wamemaliza darasa la saba au kidato cha nne, kazi hawana, nyumbani wanaonekana mzigo, na siku nzima wako kijiweni. Baadhi yao wanavuta bangi au kutafuna mirungi, ambayo ni marufuku kisheria hapa nchini. Usumbufu wao ni kelele, matusi na kukaa pasipo pao. Wizi mdogo huanza pale mmoja wao anapogundua kwamba hakuna anayewauliza.

Kundi la tatu ni dogo kwa idadi lakini ndilo linaloleta hasara kubwa. Hawa ni wale ambao wameshaingia kwenye heroini, unga kwa lugha ya mtaani, na wale wachache ambao wamefanya wizi kuwa kazi, wakitembea na visu na mapanga.

Watafiti wa tabia za vijana wameliona jambo hili kwa muda mrefu. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wamefuatiliwa tangu utotoni mpaka utu uzima. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt alieleza kutokana na kazi hiyo kwamba vijana wengi wanaovunja sheria hufanya hivyo katika miaka ya ujana tu, kisha wanaacha wanapopata kazi na familia. Wanaoendelea maisha yao yote ni wachache, na kwa kawaida dalili zao zilianza utotoni.

Kwa mzazi wa Tanga maana yake ni hii: kijana aliyechuma maembe yako ana nafasi kubwa ya kuwa fundi, mvuvi au baba wa familia katika mtaa huo huo. Mtaa unaweza kumsaidia afike huko, na unaweza pia kumsukuma kwenye kundi la tatu kwa kumbandika jina la "kibaka" akiwa na miaka 13.

Kwa nini akiwa na wenzake anakuwa mwingine

Wazazi wengi hushangaa. Kijana huyu akiwa peke yake anaamkia "shikamoo" vizuri na kubeba mzigo wa bibi kutoka sokoni. Akiwa na wenzake watano, anatukana watu wazima.

Sababu moja iko kichwani. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda, huchelewa kukomaa. Huendelea kukua mpaka mtu anapofika katikati ya miaka ya 20. Sehemu zinazotafuta raha na sifa huwa zimeshachangamka mapema zaidi, tangu balehe. Kijana ni kama gari lenye injini mpya na breki ambazo bado zinafungwa.

Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, waliwapa watu wa rika tofauti mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Vijana walipocheza huku marafiki wakitazama, walithubutu hatari nyingi zaidi kuliko walipocheza peke yao. Kwa watu wazima, kuwapo kwa marafiki hakukubadili mambo kiasi hicho.

Mzazi anaweza kulitumia jambo hilo leo jioni: usimkabili kijana mbele ya maskani. Ukimgombeza mbele ya wenzake, hana njia ya kurudi nyuma bila kuonekana mwoga. Atajibu kwa matusi, wewe utapandisha sauti, na usiku utasikia jiwe juu ya bati.

Msubiri akiwa peke yake, dukani au anapotoka msikitini au kanisani. Mwite kwa jina. Kama hulijui, uliza: "Mwanangu, wewe ni wa nyumba gani? Mama yako ni nani?" Swali hilo peke yake linabadilisha hali, kwa sababu kijana ambaye anajua kwamba unamjua mama yake si mgeni tena. Kisha sema jambo moja, bila hotuba: "Juzi mliruka ukuta wangu. Ukitaka embe, piga hodi, nitakupa. Ukiruka tena nitakwenda kwa mama yako." Ukishasema hivyo, timiza yote mawili. Akipiga hodi, mpe. Akiruka, nenda kwa mama yake.

Kwenda kwa mzazi mwenzio

Zamani katika mitaa ya Ngamiani, mtoto aliyeonekana amekosea barabara ya nane alifika nyumbani barabara ya 12 akakuta habari imeshamtangulia. Mtu mzima yeyote alikuwa mzazi. Siku hizi wapangaji huja na kuondoka, nyumba zina kuta ndefu, na mzazi akiambiwa habari za mwanawe huweza kujibu: "Mwanangu mimi namjua, wewe tafuta wako."

Jibu hilo linauma, lakini mara nyingi linatokana na namna habari ilivyofikishwa. Anayekwenda na kundi la watu, sauti juu, mbele ya wapangaji wote, amekwenda kumwaibisha mwenye nyumba, na mtu akiaibishwa hujitetea. Nenda wewe na mtu mmoja anayeheshimika na pande zote mbili, kama mjumbe wa shina, shangazi wa nyumba hiyo au mzee wa msikiti. Piga hodi, amkia, kubali kiti. Sema ulichokiona kwa macho yako na siku uliyokiona. Ya kusikia yaache. Usimwite mtoto mwizi. Sema, "Nimemkuta ndani ya ua wangu saa tano usiku, nikaona wewe ndiye wa kwanza kujua."

Kwa mzazi anayepokea ugeni huo, neno la kwanza liwe "ahsante kwa kuja kwangu kwanza." Kumtetea mtoto bila kumuuliza hakumlindi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kumpiga mbele ya wageni ili kuonyesha kwamba umechukua hatua hakumsaidii pia. Kunamfundisha kujificha vizuri zaidi. Muulize usiku, akiwa peke yake. Kitu kilichochukuliwa kirudishwe na yeye mwenyewe, ukiwa naye pale, au akifanyie kazi, kama kufagia ua ule, kujenga upya tofali alizobomoa au kuteka maji. Aibu ndogo ya kurudisha ndoo mchana huacha funzo kuliko fimbo kumi.

Kama ni unga, ni ugonjwa

Koki ya bomba inapong'olewa usiku, mara nyingi mtu huyo hakuja kwa ajili ya koki. Alikuja kwa ajili ya shilingi elfu chache atakazopewa na mnunuzi wa vyuma chakavu kabla jua halijapanda.

Heroini ikiingia mwilini hufanya kazi kwa saa chache tu. Kwa aliyekwisha kuwa tegemezi, kati ya saa sita na 12 baada ya dozi ya mwisho mwili huanza kudai. Mateja huita hali hiyo arosto. Pua na macho hutiririka, mtu anapiga miayo, anasisimka ngozi, viungo na mifupa vinauma, anatapika na kuharisha, usingizi hakuna. Maumivu hupanda zaidi katika siku mbili au tatu za mwanzo, na huchukua kama wiki kupungua. Mtu aliye katika hali hiyo hawazi jela wala hawazi mama yake. Anawaza kupata dozi.

Ndiyo maana kipigo hakimponyi teja. Akitoka kupigwa, arosto iko pale pale.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuziona mapema ni kijana kusinzia akiwa ameketi au hata akiwa amesimama, mboni za macho kuwa ndogo kama nukta, kujikuna, kukonda, kuacha kuoga, kukaa chooni muda mrefu, na vitu vya nyumbani kupotea kimoja kimoja. Vijiko vilivyoungua chini, vipande vya karatasi ya fedha ya sigara na bomba za sindano ni dalili zilizo wazi zaidi.

Tanzania ilianza kutoa tiba ya methadone mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kusini mwa Sahara kufanya hivyo katika hospitali ya umma. Kwa Tanga, huduma hiyo inapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Methadone ni dawa ya kunywa. Mgonjwa huenda kliniki kila siku, anainywa mbele ya mhudumu, na dozi moja humtuliza kwa takriban saa 24. Haimleweshi kama unga. Humwondolea arosto ili aweze kula, kulala, kufanya kazi na kuacha kukimbizana na dozi. Kliniki hizo pia huangalia virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, magonjwa yanayowafuata sana watumiaji wa dawa za kulevya, hasa wanaochangia sindano.

Kuna hatari moja ambayo familia nyingi hazijaambiwa. Baba akimfungia kijana chumbani wiki tatu, au kijana akikaa mahabusu mwezi mzima bila unga, mwili wake husahau kuuhimili. Akitoka na kurudia kiasi kile kile alichozoea, kinaweza kumuua siku hiyo hiyo kwa kusimamisha pumzi. Kumfungia bila tiba na bila mtu wa kumfuatilia kunaweza kummaliza. Ukimkuta amelala haamki, anakoroma au anapumua kwa taabu, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na umkimbize hospitali bila kusubiri kuoneana aibu.

Mzazi asiyejua pa kuanzia anaweza kupiga simu bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo hupokea taarifa na kutoa ushauri.

Siku neno "mwizi!" linapotoka

Neno hili likishatoka mdomoni halirudi. Katika dakika tano wanaweza kufika watu 50, wengi hawajui nani kaibiwa nini, na kila mmoja ana lake la moyoni. Anayeshikwa mara nyingi si yule hodari wa kukimbia. Anashikwa mdogo, mlevi, mgonjwa wa akili au teja aliyekwisha nguvu. Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, zimekuwa zikionyesha mamia ya watu wanaouawa kwa namna hiyo nchini katika mwaka mmoja.

Wapo wanaoamini kwamba mauaji ya aina hiyo hutuliza mtaa. Dar es Salaam iliona kinyume chake. Januari 2, 2015, hofu ilisambaa katika maeneo mengi ya jiji, maduka yakafungwa na watu wakakimbilia majumbani, kwa habari za kundi la Panya Road. Kama ilivyoripotiwa wakati ule, vijana hao walikuwa wakitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi, wakawa wanapora na kujeruhi watu njiani. Kifo kile hakikuwatawanya. Kiliwapa sababu ya kukusanyika. Mwaka 2022 jina la Panya Road lilirudi tena, na damu ikamwagika tena.

Sheria iko wazi. Kuingia katika eneo la mtu kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Raia anayemkuta mtu akitenda kosa anaweza kumkamata, lakini anatakiwa kumfikisha polisi bila kuchelewa. Akishashikwa na kudhibitiwa, kila kofi linaloongezwa ni kosa jipya, na akifa, walioshiriki wanakabiliwa na kesi ya mauaji. Baba aliyetoka usiku kutetea ndoo zake anaweza kuamkia mahabusu, na watoto wake wakabaki bila baba kwa sababu ya ndoo.

Ukisikia mtu ndani ya ua usiku, washa taa zote, piga kelele ukiwa ndani, wapigie majirani simu, na mpe nafasi ya kukimbia. Mtu aliyebanwa kwenye kona ndiye anayechomoa kisu. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Ikiwa amekwisha kushikwa na umati unakusanyika, mtu mmoja mwenye sauti anatosha kuubadilisha. Mwite kijana kwa jina lake, sema "huyu ni mtoto wa fulani, tumempigia polisi, wako njiani," mkalisheni chini, simameni mbele yake. Watu huona uzito kumpiga mtu mwenye jina na mama.

Akiwa na umri chini ya miaka 18

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ana ndevu. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Kati ya miaka 10 na 12 ni lazima ithibitishwe kwamba alielewa kuwa analofanya ni kosa. Kesi zao husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, wala hawahukumiwi kifungo cha jela. Tanga ni moja ya mikoa yenye mahabusu ya watoto, ili wasichanganywe na wahalifu wakubwa wakati kesi ikiendelea, na wanaohitaji malezi ya muda mrefu hupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya.

Hiyo haina maana kwamba mtoto anaachwa tu. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri wana kazi ya kufuatilia nyumba anayotoka. Wakati mwingine watakuta mtoto anaruka kuta za watu kwa sababu kwao analala njaa au anapigwa. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni ya bure, na jirani anaweza kuipiga pia.

Mtaa unavyoweza kujilinda

Mwizi mdogo hutafuta penye urahisi. Mtaa ukipunguza urahisi, nusu ya kazi imekwisha.

Cha kwanza ni taa. Watafiti Brandon Welsh na David Farrington walikusanya tafiti za Uingereza na Marekani kuhusu taa za mitaani, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba mahali palipoboreshwa taa uhalifu ulipungua kwa takriban moja ya tano. Sababu haikuwa giza peke yake, kwani hata mchana ulipungua: watu walianza kuuona mtaa kuwa wao na kuujali. Taa moja ya umeme wa jua nyuma ya nyumba, upande wa uchochoro, ina kazi kuliko vipande vya chupa juu ya ukuta, ambavyo humkata mtoto anayefuata mpira.

Cha pili ni magofu. Tanga imeachiwa majengo mengi matupu tangu viwanda na biashara ya mkonge viliposinyaa. Nyumba isiyo na mtu, yenye mlango uliong'oka, ndiyo maskani ya kwanza ya wanaojificha. Serikali ya mtaa inaweza kumtafuta mwenye nyumba na kumtaka aizibe au ampangishe mtu.

Cha tatu ni mnunuzi. Koki, mita na sufuria haviliwi; kuna mtu anavinunua saa 12 asubuhi kutoka kwa kijana asiye na bomba wala jiko. Mkutano wa mtaa uongee na wanunuzi wa vyuma chakavu wa eneo hilo kwa uwazi, mbele ya polisi kata, kwamba anayepokea mali ya wizi naye ni mkosaji. Soko likifungwa, wizi huo hukosa maana.

Cha nne ni watu wazima kuonekana. Iceland, nchi ya kisiwa huko kaskazini ya dunia, ilikuwa na tatizo kubwa la vijana kulewa. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wanafunzi wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia tano. Hawakufanya muujiza. Waliweka saa za watoto kurudi nyumbani, wazazi wakatembea mitaani kwa zamu usiku wa mwisho wa wiki, na halmashauri zikalipia sehemu ya gharama za michezo na muziki baada ya shule.

Tanga haina fedha za Iceland, lakini ina ulinzi shirikishi, mabaraza ya kahawa, walimu wa madrasa na wa kwaya, na viwanja vya vumbi ambapo ndondo huchezwa kila jioni. Wazazi wanne wanaotembea pamoja saa tatu usiku, bila fimbo, wakisalimia kila kijiwe kwa majina, ni ulinzi. Zamu hiyo isiwe ya kupiga wala kupekua watu. Hiyo ni kazi ya polisi. Kazi yao ni kuonekana na kuuliza, "Vijana, hamjambo? Fulani, mama anakuulizia nyumbani."

Na maskani haivunjwi kwa kuchoma mabenchi tu. Vijana wanaofukuzwa baraza moja huhamia la jirani. Mtaa ukiweza kumpa mmoja wao kazi ya kulinda baiskeli sokoni, mwingine akaingia gereji kwa fundi anayemjua mwenyekiti, na wawili wakaandikishwa kwenye timu yenye kocha mkali wa muda, baraza hupungua lenyewe. Wanaobaki wanaonekana vizuri, na hao ndio wa kufuatiliwa kwa karibu.

Lini uende polisi

Kuna mambo yasiyo ya kumalizwa kwa kahawa. Silaha, vitisho, ubakaji au jaribio lake, kuvunja nyumba yenye watu, na kuuza dawa za kulevya kwa watoto ni ya kwenda polisi siku hiyo hiyo, hata kama mhusika ni mtoto wa rafiki. Penye mtoto aliyedhuriwa, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa usumbufu unaojirudia, anza kuandika: siku, saa, nini kilitokea, nani alikuwapo. Peleka kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kisha kwa polisi kata. Malalamiko ya nyumba tano yaliyoandikwa husikilizwa kuliko hasira ya nyumba moja.

Baba wa mfano wetu, aliyesimama juu ya dimbwi la maji alfajiri, ana haki ya kukasirika. Koki ni fedha, na bili ya maji itakuja kwa jina lake. Lakini wiki chache nyuma kulikuwa na vijana watatu juu ya ukuta wake, mchana kweupe, wakicheka, na hakuna aliyewauliza majina. Hata sasa hajachelewa. Jioni anaweza kuvaa kanzu, kumpitia mjumbe, na kwenda kupiga hodi nyumba ya tatu.